Fahari ya Taifa Haitoshi Kujenga Sayansi

Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya semina ya vijana na wanafunzi wa sayansi, kuhusu fedha za serikali na heshima ya mataifa katika utafiti mkubwa wa fizikia.



Kusini ya jiji la Dallas, katika jimbo la Texas nchini Marekani, liko handaki lenye urefu wa kilometa zaidi ya 20, lililochimbwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 chini ya mashamba ya mji mdogo uitwao Waxahachie. Handaki hilo halikuchimbwa kwa ajili ya reli, wala maji, wala madini. Lilikuwa sehemu ya mtambo wa kugonganisha chembe za atomu ambao, kama ungekamilika, ungekuwa na mzunguko wa kilometa 87. Oktoba 1993 Bunge la Marekani liliufuta mpango huo. Wakati huo dola zipatazo bilioni mbili zilikuwa zimekwisha tumika, familia zilikuwa zimekwisha uza ardhi yao na kuhama, na wafanyakazi wapatao 2,000 walikuwa kazini. Mashimo yalizibwa, na handaki likaachwa lijae maji.

Miaka 18 na ushei baadaye, tarehe 4 Julai, 2012, ilitangazwa kwamba chembe ambayo mtambo huo ulikusudiwa kuitafuta, yaani chembe ya Higgs, imepatikana. Haikupatikana Texas. Ilipatikana Geneva, kwa mtambo mdogo zaidi, uliojengwa na mataifa mengi kwa pamoja.

Swali linalozuka ni hili: kwa nini taifa tajiri kuliko yote duniani, ambalo lilikwisha peleka watu mwezini, lilishindwa kumaliza kazi iliyokuwa imekwisha anza, hali mataifa ya Ulaya, ambayo hakuna hata moja lenye utajiri wa kulinganishwa nalo, yakafaulu? Wako wanaojibu kwamba fedha zilipungua. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Sababu kubwa ni kwamba mtambo wa Texas ulijengwa juu ya msingi wa fahari, na fahari ni msingi wa mchanga.

FEDHA ZILIANZIA KATIKA VITA

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, fizikia ilikuwa kazi ya gharama ndogo. Mwaka 1931, huko Berkeley, California, mwanasayansi Ernest Lawrence na mwanafunzi wake walitengeneza mashine ya kwanza ya kuzungusha chembe ambayo mtu aliweza kuishika kiganjani. Vita ndiyo iliyobadilisha mambo. Mpango wa bomu la atomu uliigharimu Serikali ya Marekani dola karibu bilioni mbili za wakati ule na uliajiri zaidi ya watu 100,000. Mwisho wake ni maangamizi ya Hiroshima na Nagasaki, Agosti 1945.

Hapa Mwafrika hana budi kukumbuka jambo moja. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mpango huo ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga, kwa jasho la wachimbaji wa Kongo waliokuwa chini ya ukoloni wa Kibelgiji. Wachimbaji hao hawakuelezwa wanachimba nini, wala hakuna aliyewauliza kama wanakubali. Kwa hiyo usemi kwamba sayansi kubwa ni mambo ya Wazungu peke yao si wa kweli. Afrika imekuwamo tangu siku ya kwanza, ila imekuwamo kama shimo la mali ghafi.

Baada ya vita, wanafizikia waliokuwa wakiomba maelfu ya dola sasa waliomba mamilioni, nao walipewa. Watawala wa mataifa makubwa waliamini kwamba aliyetengeneza bomu jana anaweza kutengeneza silaha nyingine kesho, hivyo ni heri kumweka karibu.

MBIO ZA MATAIFA MAKUBWA

Mwaka 1956 nchi za kambi ya kijamaa zilianzisha taasisi yao ya utafiti wa nyuklia huko Dubna, karibu na Moscow. Oktoba 1957 Warusi walirusha Sputnik, na Marekani nzima ilitaharuki. Mwaka 1967 Warusi wakawasha mtambo wa Serpukhov, uliokuwa na nguvu kuliko wote duniani, mpaka Wamarekani walipowasha mtambo wao wa Fermilab, karibu na Chicago, mwaka 1972. Kila upande ulihesabu mitambo ya mwenziwe kama unavyohesabu makombora.

Hata hivyo wako waliojaribu kusema kweli. Aprili 1969 mkurugenzi wa Fermilab, Robert Wilson, aliitwa mbele ya kamati ya Bunge kueleza sababu za kutumia fedha nyingi kiasi kile. Seneta John Pastore alimuuliza kama mtambo huo utasaidia ulinzi wa nchi. Wilson alijibu kwamba hautasaidia. Alieleza kuwa kazi hiyo ni ya namna moja na kazi ya wachoraji, wachongaji na washairi, na kwamba hailindi nchi ila huifanya nchi istahili kulindwa. Hilo lilikuwa jibu la mtu mwungwana. Lakini mfumo uliomsikiliza haukujengwa juu ya jibu la namna hiyo. Ulijengwa juu ya hofu ya adui na tamaa ya kuwa wa kwanza.

Tamaa hiyo ilijitokeza waziwazi mwaka 1983. Mwaka huo wanasayansi wa CERN, yaani shirika la Ulaya la utafiti wa nyuklia lililoko Geneva, waligundua chembe ziitwazo W na Z. Gazeti la The New York Times liliandika tahariri iliyohesabu ugunduzi huo kama mabao ya mpira: Ulaya imefunga, Marekani haijafunga. Mwaka huo huo wanafizikia wa Marekani waliitaka Serikali yao iachane na mtambo uliokuwa ukijengwa Brookhaven, New York, na badala yake ijenge mtambo ambao hakuna taifa lingine litakaloufikia.

Wazee walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

MTAMBO WA TEXAS

Rais Ronald Reagan aliukubali mpango huo Januari 1987. Protoni zingezungushwa pande mbili kinyume, kwa kasi inayokaribia ya nuru, kisha zigonganishwe kwa nguvu takriban mara 20 ya ile iliyofikiwa na Fermilab. Sumaku zaidi ya 10,000 zingehitajika, zikipozwa kwa heliamu ya kimiminika hadi baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri.

Makadirio ya mwanzo yalikuwa dola bilioni 4.4. Baadaye yalipanda hadi bilioni 5.9, mwaka 1991 yakafika bilioni 8.25, na ilipofika 1993 zilitajwa bilioni 11 na zaidi. Baadhi ya ongezeko hilo lilikuwa na sababu za kitaalamu. Kwa mfano, tundu la sumaku lilipanuliwa kutoka sentimita nne hadi tano ili chembe zisipotee njiani. Lakini mbunge anayeombwa fedha kila mwaka, na kila mwaka akatajiwa bei mpya, hawezi kulaumiwa anapoanza kuwa na shaka. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Namna mahali pa kujenga palivyochaguliwa nayo inafundisha. Mpango ulipotangazwa, majimbo 25 yalituma maombi. Wabunge wa majimbo hayo wote waliusifu mtambo kwa midomo yao yote, kwa kuwa kila mmoja alitazamia ajira na mikataba ije kwake. Tarehe 10 Novemba, 1988, siku mbili tu baada ya George Bush, mkazi wa Texas, kuchaguliwa kuwa Rais, ilitangazwa kwamba Texas ndiyo iliyoshinda. Jimbo hilo lilikuwa limeahidi kuchangia dola bilioni moja. Siku hiyo hiyo mapenzi ya majimbo mengine kwa chembe za atomu yalianza kupoa. Ikadhihirika kwamba wengi hawakupenda sayansi. Walipenda zabuni.

KWA NINI ULIANGUKA

Ndugu wanasemina, yafaa sababu za kuanguka kwa mtambo huo zitazamwe moja moja.

Kwanza, adui alitoweka. Ukuta wa Berlin ulibomolewa 1989 na Urusi ya Kisovieti ikavunjika 1991. Fedha zilizotolewa kwa hofu ya Mrusi zikawa hazina tena sababu ya kutolewa. Inafaa kukumbukwa kuwa mshindani mwenyewe alipatwa na msiba huo huo: huko Protvino, karibu na Serpukhov, Warusi walichimba handaki la kilometa 21 kwa ajili ya mtambo wao mkubwa, nalo likasimama katika miaka hiyo ya 1990. Ulimwengu ukarithi mahandaki mawili matupu, moja la kila upande.

Pili, washirika hawakupatikana. Marekani ilipoona gharama zimezidi, ilizigeukia nchi nyingine ziisaidie, hasa Japani. Lakini mtambo ulikuwa umekwisha tangazwa kuwa ni wa kurudisha uongozi wa Marekani duniani. Ni nani atakayetoa fedha zake ili jirani yake azidi kujitukuza? Michoro ilikuwa tayari, mahali pamechaguliwa, uongozi umewekwa, kisha mgeni anaitwa aje alipe. Huo si ushirikiano. Huko ni kuchangisha harusi ambayo bwana harusi amekwisha jipangia peke yake.

Tatu, wanasayansi wenyewe hawakuwa kitu kimoja. Philip Anderson, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1977, alikwenda Bungeni kupinga. Hoja yake ni kwamba fizikia ya vitu vya kawaida, ile inayozaa vifaa vya elektroniki na madini mapya, inanyimwa lishe ili tawi moja linenepe. Walioutetea, akiwamo Steven Weinberg, mshindi wa Nobel wa mwaka 1979, walisema kwamba kutafuta kanuni za msingi za maumbile ni wajibu wa binadamu usiopimwa kwa faida ya sokoni. Pande zote mbili zilikuwa na haki ya kusikilizwa. Kosa ni kwamba ugomvi huo ulikuja baada ya kuchimba, badala ya kumalizwa kabla.

Nne, kinga ya kisiasa iliondoka. Uchaguzi wa 1992 ulimwondoa Bush madarakani na kuingiza Bungeni wabunge wapya zaidi ya 100, wengi wao wakiwa wameahidi kupunguza deni la taifa. Juni 1993 Baraza la Wawakilishi lilipiga kura juu ya kituo cha anga za juu, kikaokoka kwa kura 216 dhidi ya 215. Siku iliyofuata likapiga kura juu ya mtambo wa Texas: 280 walitaka ufutwe, 150 walitaka uendelee. Seneti ilijaribu kuuokoa, lakini mwezi Oktoba ulizikwa. Rais Bill Clinton alikuwa amewaonya wabunge kwamba kuuacha ni kuonyesha kuwa Marekani inalegeza uongozi wake katika sayansi. Yaani hata dakika ya mwisho hoja iliyotumika ilikuwa ni ile ile ya uongozi na sifa. Ilikuwa imechakaa.

NJIA YA GENEVA

CERN ilianzishwa mwaka 1954 na nchi 12. Miongoni mwao zilikuwamo Ufaransa na Ujerumani Magharibi, zilizokuwa zikiuana miaka tisa tu kabla yake, na Yugoslavia ya Tito. Hakuna nchi hata moja kati ya hizo iliyoweza kujenga mitambo hiyo peke yake. Umaskini uliotokana na vita uliwafundisha kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Kanuni zake ni rahisi. Kila mwanachama hulipa kwa kadiri ya pato la nchi yake. Katika Baraza kila nchi ina kura moja. Makubaliano hufungwa kwa mkataba wa kimataifa, hivyo serikali moja ikibadilika kwa uchaguzi kazi haisimami. Aidha CERN haikukimbilia ukubwa. Mtambo wake mkubwa, ulioidhinishwa Desemba 1994, uliwekwa ndani ya handaki la kilometa 27 lililokwisha chimbwa kwa ajili ya mtambo uliotangulia.

Isidhaniwe kwamba Geneva hapakuwa na matatizo. Mwaka 2001 ilibainika kuwa gharama zimevuka makadirio. Shirika lilibana matumizi, likakopa, likasogeza mbele tarehe. Septemba 2008, siku chache tu baada ya mtambo kuwashwa, sumaku ziliharibika na kazi ikasimama kwa zaidi ya mwaka. Tofauti ni kwamba hakuna mwanachama aliyeweza kuufuta mpango kwa hasira ya siku moja, kwa kuwa ulikuwa mali ya wote. Hata Marekani iliingia, ikachangia dola milioni 531. Wanafizikia wake wengi waliokosa kazi Texas ndio waliohesabu chembe huko Geneva.

Vile vile wanasayansi wa Ulaya walilazimika kujieleza. Mwaka 1993 huo huo, Waziri wa Sayansi wa Uingereza, William Waldegrave, aliwataka wanafizikia wamweleze kwa ukurasa mmoja chembe ya Higgs ni nini na kwa nini itafutwe, akaahidi zawadi kwa watakaofaulu. Walieleza. Mwananchi anayelipa kodi ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa, na mtaalamu asiyeweza kumweleza asishangae akinyimwa.

Tarehe 30 Aprili, 1993, miezi michache kabla ya Texas kuzikwa, CERN iliukabidhi umma wa dunia, bila malipo, mfumo wa tovuti uliobuniwa hapo na Tim Berners-Lee ili wanasayansi wa nchi mbalimbali wapashane habari. Matunda hayo yalitokana na haja ya watu wengi kufanya kazi pamoja. Hayakutokana na mbio za kumshinda mtu.

Hata hivyo ushirikiano nao si ngome isiyobomoka. Kutokana na vita vya Ukraine, CERN ilikoma kushirikiana rasmi na Urusi mwishoni mwa Novemba 2024. Siasa haikai nje ya maabara, hata mlango ufungwe namna gani.

AFRIKA KATIKA HESABU HIYO

Tarehe 12 Desemba, 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ndiyo setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miali ya eksrei kutoka angani, na iliorodhesha vyanzo vya miali hiyo zaidi ya 300. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Jina lilikuwa la Afrika Mashariki, bahari ilikuwa ya Afrika Mashariki, lakini vyombo, takwimu na elimu vilikwenda kwingine. Huo ni mfano kamili wa taifa kupewa fahari pasipo kupewa elimu.

Linganisha na mradi wa darubini kubwa ya redio unaojengwa Afrika Kusini na Australia. Nchi nane za Afrika zilishirikishwa na Afrika Kusini, zikiwamo Kenya, Msumbiji na Zambia. Tangu 2005 vijana wa nchi hizo wamekuwa wakipewa nafasi za masomo, na mwaka 2018 darubini ya MeerKAT yenye masahani 64 ilizinduliwa katika nyika ya Karoo. Hapo Mwafrika anashika chombo kwa mkono wake mwenyewe.

MAFUNZO

Mwaka 1969, mwaka ule ule Wilson alipohojiwa na maseneta, Mwalimu Julius Nyerere aliwasilisha kwa Mkutano Mkuu wa TANU mpango wa pili wa maendeleo, katika hotuba iliyoitwa "Kupanga ni Kuchagua". Fundisho hilo ndilo kipimo cha suala hili.

Wapo watakaosema kwamba nchi yenye vijiji visivyo na maji safi haina haki ya kuzungumzia chembe za atomu. Hoja hiyo ina uzito, wala isidharauliwe. Hata C. N. Yang, mshindi wa Nobel wa mwaka 1957, aliipinga China yake mwenyewe mwaka 2016 ilipofikiria kujenga mtambo wa kilometa 100, akitaja mfano wa Texas na mahitaji ya wananchi walio bado maskini. Lakini kutojenga mtambo ni jambo moja, na kutosomesha wanafizikia ni jambo jingine. Taifa lisilo na watu wanaoelewa urani litaendelea kuiuza kama udongo. Historia ya Shinkolobwe inatosha.

Kwa hiyo, kila unapoletwa mradi wowote mkubwa wa sayansi wenye kubeba jina la taifa, Chama, Serikali na wananchi wana wajibu wa kuuliza maswali manne. Je, mradi huo utabaki na maana hata kama hakuna jirani wa kushindana naye? Je, washirika wameitwa wakati wa kupanga, au wameitwa wakati wa kulipa? Je, bei iliyotajwa ni ya kweli, na nani atawajibika ikipanda? Na je, wageni wakiondoka, ni vijana wangapi wa nchi watakaobaki na elimu hiyo vichwani mwao?

Mtambo wa Texas ulishindwa katika maswali matatu ya kwanza, na setilaiti ya Malindi ilishindwa katika la nne. Maswali hayo hayahitaji shahada kuyauliza. Mkulima aliyewahi kununua trekta la ushirika anayajua yote. Kinachotakiwa ni ujasiri wa kuyauliza mapema, kabla shimo halijachimbwa.